Posa Kutoka Mudon

Baba Mkubwa Silvester hakuikataa posa ya yule Mburma. Angekataa ingekuwa nafuu, maana mtu akikataa unajua pa kuanzia kumbembeleza. Yeye alijikohoza, akaweka kikombe cha kahawa chini, akasema, "Aje. Ila aje na watu wake, tena watu wake waseme nami kwa lugha yao, nami niwasikie kwa Kievav, lugha yetu. Kiindonesia sikitaki siku hiyo. Hata salamu."

Oktovina akaacha kupangusa meza. Mzee huyo ndiye aliyemlea tangu baba yake mzazi afariki, na hapakuwa na ndoa katika nyumba hiyo bila neno lake. "Baba Mkubwa, hapa Tual nani anajua Kiburma na Kievav kwa pamoja?"

"Hilo si langu."

"Hayupo mtu kama huyo!"

"Basi kama hayupo, Mungu naye ameshasema."

"Mungu hajasema kitu, umesema wewe."

"Sikiliza, mwanangu." Mzee akainua kidole, kile kidole alichowanyooshea watoto wa watu darasani hadi akastaafu. "Kiindonesia sikitukani, nimekifundisha maisha yangu yote. Nikienda Ambon nakisema, nikifika Makassar nakisema, nikikutana na Mjava au Mpapua tunasikilizana vizuri kabisa. Lakini ni lugha ya kuulizia bei na kujazia fomu. Umewahi kumsikia bibi yako akilia kwa Kiindonesia? Mimi nilimposa marehemu mke wangu kwa Kievav. Leo nimtoe binti yangu kwa mtu ambaye sijawahi kuwasikia watu wake wakisema hata neno moja? Siku akikutenda vibaya, mama yake nitamgombeza kwa lugha gani?"

Sauti ikatoka jikoni, ya Shangazi Yustina, dada yake mzee. "Kwani unatafuta mkwe au unatafuta mtu wa kugombeza?"

"Natafuta vyote viwili!"

Na kweli, ukimwondolea ukaidi wake, mzee alikuwa anaogopa. Waburma wa Tual walikuja na meli za uvuvi za watu wengine, wakaachwa bandarini, na wengi wao siku moja waliondoka vilevile walivyokuja. Kuna wanawake pale mjini walioolewa asubuhi wakaachwa jioni, kama wasemavyo. Baba Mkubwa hakutaka jina la ukoo wake, Rahawarin, liingie katika hesabu hiyo. Kwa hiyo akatega mtego wake, akakaa akitabasamu.

Asichojua ni kwamba mtu aliyesemwa kuwa hayupo alikuwa mbele yake, ameshika kitambaa cha meza.

Oktovina alikuwa na banda la chakula karibu na bandari: wali, samaki wa kuchoma, na pilipili ya kumtoa mtu mafua asiyokuwa nayo. Waburma walikula kwake. Mmoja akija peke yake alisema Kiindonesia, maana Kiindonesia hakina makuu. Kinampokea kila mtu, hakimuulizi kabila, na ukikivunja hakuna wa kukucheka, kwa sababu karibu kila mtu visiwani alikikuta shuleni au sokoni, na lugha yake yenyewe ameiacha nyumbani ikimsubiri. Wa Kei anakivunja hivi, wa Buton anakivunja vile, na samaki wanauzwa. Lakini Waburma wakikaa watatu wanne, hao, wamezama katika Kiburma chao na wewe mwenye banda huna lako. Kiburma hakimngoji mgeni. Kinapanda, kinashuka, kinakatika kooni ghafla, na ukikosea kupanda umeshasema jambo lingine. Oktovina alikosea mno. Wateja walimcheka hadi wali ukawatoka puani.

Hakukata tamaa. Mwanzoni alitaka tu kujua wanamsema nini, maana mwanamke mwenye banda lazima ajue anasemwa nini. Baadaye ilikuwa kwa sababu ya Banyar, fundi wa kuchomelea vyuma, mpole, aliyekula polepole kuliko wote ili akae zaidi. Walipendana kwa Kiindonesia, wakagombana kwa Kiindonesia, hadi siku Oktovina alipomkemea kwa Kiburma na kijiko kikamponyoka mkononi. Tangu hapo waliendelea kwa Kiburma.

Sasa utauliza, mbona hakumwambia mzee palepale? Kwanza, alimjua: ukimfungulia mlango mmoja anajenga ukuta mwingine. Pili, posa ya kwao ina sheria. Bwana harusi hasemi, bibi harusi hasemi. Wanasemewa. Mmoja anakaa sebuleni akitazama magoti yake, mwingine anakaa nyuma ya pazia na wanawake, na anayefungua mdomo anaaibisha ukoo mzima. Mtu pekee aliyeweza kuunganisha lugha hizo mbili alikuwa mtu asiyeruhusiwa kunena.

"Mimi nitasema," akasema Shangazi Yustina, walipokuwa wawili wakikaanga ndizi. "Wewe nyuma ya pazia utaninong'oneza, mimi nitatamka. Shangazi anaruhusiwa kubeba maneno."

"Na Baba Mkubwa akikuuliza umejifunza Kiburma lini?"

"Nitamwambia alipokuwa amelala. Kulala analala sana."

Siku ikawa Jumapili baada ya misa. Sebule ilijaa binamu na majirani, wengine wamekuja kwa heshima, wengine wamekuja kuona Silvester atakavyomrudisha Mburma mikono mitupu. Banyar aliketi kwenye mkeka, shati jeupe, jasho tele. Kando yake alikuwa U Thaung, fundi injini mwenye mvi, aliyemleta kama mzazi.

Baba Mkubwa akaanza kwa Kievav, na binamu mmoja akamfasiria U Thaung kwa mikono. "Huyu ni ndugu yake wa damu?"

Hapana, U Thaung akatikisa kichwa. Walikuwa meli moja tu.

"Nilisema watu wake. Hatuposi kwa niaba ya meli."

U Thaung alikuwa amelitarajia. Akatoa simu mfukoni, akaiweka katikati ya meza, akaongeza sauti. Simu ikaita, ikaita tena, kisha sauti ya mwanamke ikajaa sebuleni, yenye kukwaruza, yenye haraka, ikisema Kiburma. Watu wakaisogelea kama moto.

Nyuma ya pazia Oktovina akainamia sikio la shangazi. Yule mwanamke alisema anaitwa Mi Aye Htaw, mama yake Banyar, mjane wa Mudon huko Burma, mgema wa miti ya mpira. Alisema mwanawe aliondoka kutafuta kazi akapotelea baharini, naye mama akakaa bila habari hata akawapelekea watawa sadaka ya marehemu. Alisema siku simu ilipolia na sauti ikasema mama, aliitupa akidhani ni mzimu. Alisema hana mali ya kutaja mbele ya watu, ana mtoto aliyefufuka, na ndiye anayemleta.

Oktovina alinong'ona yote. Shangazi Yustina akatoa kichwa nje ya pazia, akapangusa midomo, akasema, "Anawasalimu."

"Maneno yote yale," akasema Baba Mkubwa, "ni salamu?"

"Ni salamu ndefu. Huko ndivyo wanavyosalimiana." Shangazi alikuwa amesahau nusu na nusu nyingine imemtoa machozi. Alipoona kaka yake anamkazia macho, akaona aongeze kitu cha kupendeza. "Na anasema kwao wana mashamba hadi upeo wa macho. Na ng'ombe. Na nyumba ya ghorofa."

"Shangazi! Hakusema hivyo!"

Ilikuwa imeshatoka. Oktovina alijikuta amesimama nje ya pazia, kandambili moja mguuni, mbele ya ukoo mzima. Mtu akasonya. Banyar alifumba macho. Baba Mkubwa alisimama taratibu, na wote waliosoma kwake wakakumbuka fimbo.

"Nani amekuruhusu kusema katika posa yako?"

Oktovina alikuwa ameshavuka, na aliyekwisha kulowa haogopi mvua. "Wewe, Baba Mkubwa. Ulisema unataka kuwasikia watu wake kwa Kievav. Hukusema kwa kinywa cha nani."

Binamu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mwingine akasema waziwazi, "Silvester, umenaswa na mtego wako."

"Umejifunza wapi?"

"Bandani. Ulidhani nauza samaki tu?"

Mzee akaketi. Alimtazama binti yule kana kwamba ameletewa leo. "Haya, nieleze alichosema. Ukitia chumvi nitajua."

Oktovina akaeleza. Alieleza yote, la mjane, la sadaka, la simu iliyotupwa, na hakuyapitisha kwenye Kiindonesia hata hatua moja. Yalitoka Mudon yakiwa Kiburma, yakatua sebuleni yakiwa Kievav. Wazee waliokuja kucheka wakasahau kucheka. Hakuna aliyewahi kusikia lugha hizo mbili zikishikana mikono bila ya tatu kuwa katikati, na binti wa bandani ndiye aliyezishikanisha. Alipofika kwenye mtoto aliyefufuka, U Thaung, ambaye Kievav hakijui, alisoma nyuso za watu akaanza kulia.

Baba Mkubwa hakulia. Aliisogelea simu. "Mwambie hivi: mwanao akimpiga binti yangu, nitamfuata hata chini ya kitanda, nimtandike mbele ya kanisa."

Oktovina akalisema. Upande wa pili pakalipuka kicheko, kikafuatwa na maneno mengi.

"Anacheka nini? Sikumfanyia mzaha!"

"Ananicheka mimi, Baba Mkubwa. Kiburma kina adabu ya wanaume na adabu ya wanawake, sentensi zinaishia tofauti. Mimi nimejifunza kwa wavuvi. Anasema mwanawe amepata baharia badala ya mke." Sebule nzima ikaangua kicheko, na mashavu ya Oktovina yakawaka. "Kiindonesia kimenidekeza, chenyewe hakina habari kama wewe ni mke au mume. Na anajibu hivi: siku ukimtandika mwanawe, umwambie mapema, aje amshike miguu asikimbie."

Mzee akang'ata mdomo. Alikuwa anapigana na tabasamu na anashindwa. "Huyu mama ana akili," akasema. "Muulize ana neno gani juu ya dini. Muulize mwanawe atarudi kwao lini na binti yangu atakuwa wapi siku hiyo."

Wakaenda hivyo, yeye akiuliza, mama akijibu, Oktovina akikimbia katikati, na kila aliporudi alirudi na jibu lililo sawa. Juu ya kurudi, mama alisema atamwomba mwanawe aje kumtembelea, lakini aje na mkewe, na akija bila mkewe atamfungia nje. Sauti ya Oktovina haikutetemeka tena. Alikuwa anafurahia, kusema kweli. Alijiona mrefu.

Ndipo sauti kwenye simu ikabadilika. Mama aliita, "Banyar! Banyar!" kisha akasema jambo fupi, laini, tofauti kabisa. Akangoja. Akalisema tena. Banyar alikaza macho kwenye mkeka, kidevu kinacheza, kwa sababu hakuruhusiwa kujibu.

"Anasema nini?" akauliza Baba Mkubwa.

Oktovina alisikiliza, akasikiliza tena. Hakupata hata neno moja la kushika. Shangazi Yustina akamfinya ubavuni. "Buni! Sema anabariki. Akina mama wote hubariki."

Ingekuwa rahisi. Nani angejua? Lakini amempa mzee maneno ya kweli toka asubuhi, na akimpa la uongo sasa, yote yataoza pamoja. "Siijui lugha hii, Baba Mkubwa."

"Huijui? Si ulikuwa unaijua sasa hivi?"

"Hicho si Kiburma. Ni Kimon. Ndiyo lugha ya nyumbani kwao."

Mzee akakunja uso. "Na kile alichosema tangu mwanzo?"

"Kiburma ni cha Waburma wenyewe, watu wa bonde la mto mkubwa; wao wanakinyonya kwa mama. Lakini wako wengine wengi nchini humo, Wamon, Wakaren, watu wa milimani. Kwao ni lugha ya shule, ya soko, ya kupandia basi. Kama sisi na Kiindonesia."

"Kwa hiyo mama huyu ameniposea kwa lugha ya kujazia fomu."

"Ndiyo."

"Na ulilijua hilo?"

"Nililijua. Hapa hakuna mtu anayekijua Kimon isipokuwa Banyar, na Banyar mmemfunga mdomo."

"Ungeniambia!"

"Ungekataa."

"Ningekataa," akasema mzee.

Binamu aliyekuwa karibu na mlango, yule aliyekuja kuona Mburma akirudishwa, akajinyoosha. "Basi mambo yamekwisha, Silvester. Sharti ni sharti. Halikutimia."

Na kweli halikutimia, kila mtu aliona. Oktovina alikuwa amepita bahari akazama kwenye tope la ufukweni. Kwenye simu mama bado alikuwa anamwita mwanawe, sasa kwa wasiwasi, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yenye taa na hafunguliwi.

Baba Mkubwa Silvester aliitazama simu ile. Mjane wa watu, mgema mpira, amesimama pengine kwenye uwanja wake wa udongo, amejikaza kusema lugha ya watu wengine asubuhi nzima ili amridhishe yeye asiyemjua. Na yeye, mwalimu, amekataa kuazima hata salamu. Masikio yalimwiva. Aibu ilimshika kweli, na kwa vile alikuwa mkaidi lakini si mwovu, hakuificha.

"Nyamaza wewe," akamwambia binamu. Kisha akamgeukia Banyar, na mbele ya ukoo wote akafungua kinywa kwa Kiindonesia. "Kijana. Mama yako anakuuliza nini? Mjibu. Mama haachwi akiita hivyo."

Banyar akainua uso. "Ananiuliza kama nimekula, mzee."

"Umekula?"

"Bado. Tangu jana. Nilikuwa naogopa."

"Yesu na Maria!" Baba Mkubwa akapiga paja. "Mwambie mama yako kwa lugha yake, kwa Kimon, mwambie sasa hivi: katika nyumba hii hakuna mkwe wa Silvester anayeshinda njaa!"

Neno lile mkwe lilizunguka sebule mara moja kabla watu hawajaamini masikio yao. Kisha nyumba ikalipuka. Wanawake walitoka jikoni na masufuria wakiyapiga kwa miiko, shangazi mbele, akiimba na kulia. Mtu akaleta ngoma. Sahani za enbal, mikate ya mihogo ya kwao, zikapita juu ya vichwa vya watu, na samaki, na pilipili. Banyar alikuwa ameikumbatia simu akisema Kimon kwa machozi, na upande wa pili mama alikuwa anapiga kelele ambazo hazikuhitaji kufasiriwa na mtu yeyote.

Baba Mkubwa akamvuta Oktovina pembeni. "Umenishinda," akamwambia kwa Kievav. "Umenishinda na mbele za watu. Nina fahari nawe hadi nasikia kizunguzungu."

"Ni njaa hiyo, Baba Mkubwa. Na wewe hujala."

"Kizunguzungu cha fahari! Usinivurugie."

Oktovina akampita akicheka, akapenya kati ya wachezaji hadi kwa Banyar. Sheria ya kunyamaza ilikuwa imeshakufa na kuzikwa, akamshika mkono waziwazi. "Lile alilokuuliza mama," akamwambia, "linasemwaje?"

Banyar akamwambia sikioni. Akalirudia. Akalirudia tena, polepole, huku ngoma ikilia. Oktovina akachukua simu kwa mikono miwili, akaiweka mdomoni, akalisema hilo neno la Kimon, lake la kwanza, likiwa limepindapinda lakini limesimama:

"Umekula, mama?"

Kule Mudon kelele zikakoma. Kisha yule mama akaanza kumjibu kwa Kimon, kwa haraka na kwa furaha, moja kwa moja bila kituo, jinsi mtu anavyozungumza na mtoto wake mwenyewe.